Kabla ya Kugoma, Shikeni Daftari: Mwongozo kwa Kru ya Filamu

Simu za namna hii huingia usiku. Kru, yaani wote wanaofanya kazi nyuma ya kamera, iko garini inarudishwa, imechoka, wiki ya pili sasa haijalipwa, na mmoja wao ananiuliza, "Kaka, tukigoma kesho itakuwaje?" Namuuliza kama kuna mtu kati yao anayeandika saa za kazi. Karibu kila mara jibu ni hapana. Basi kesho nendeni kazini, namwambia, ila kila mtu aende na kalamu.

Mimi ni fundi sauti. Nasimama nje ya fremu nimeinua fimbo yenye maikrofoni juu ya vichwa vya waigizaji, na masikioni nina hedifoni. Wakubwa wa seti husahau kwamba maikrofoni za nguoni hazizimiki mwongozaji akisema "kata", kwa hiyo fundi sauti hujua bajeti imekwama wapi kabla mhasibu hajatangaza. Labda ndiyo sababu kru nyingi zimenichagua niwe msemaji wao. Kwa nilivyoona, kuna migomo inayolipuka na migomo inayopangwa. Inayolipuka huwa tamu asubuhi moja. Mchana watu wawili wamerudi kazini, jioni wamerudi wote, na kesho yake wale waliopaza sauti hawamo kwenye ratiba. Hapa naeleza namna ya kupanga.

Saa zako ndizo mali

Mali bila daftari hupotea bila habari, na mali ya mfanyakazi wa filamu ni saa zake. Tumia daftari la karatasi, la kuingia mfukoni, kwa sababu simu huishiwa chaji mapema kuliko wewe. Andika saa uliyotakiwa kuripoti, saa uliyofika, saa mlipokaa kula na mlipoinuka, saa kamera ilipozimwa, na saa wewe mwenyewe ulipomaliza kupakia. Hizo mbili za mwisho watu huzichanganya, na prodyuza hufurahi zikichanganywa. Kamera ikizimwa mwigizaji anaondoka, lakini fundi taa anasubiri taa zipoe ndipo azishushe, na mtu wa mavazi bado anahesabu vifungo. Hiyo nayo ni kazi.

Tumia mfumo wa saa 24 kama ulivyo kwenye ratiba ya siku, ili asitokee mtu wa kubishana kama ilikuwa asubuhi au jioni. Mstari mmoja wa daftari unaonekana hivi:

*Jumanne. Kuripoti 05:30. Nimefika 05:20. Chakula 13:10 hadi 13:35. Kamera imezimwa 20:45. Nimemaliza kupakia 21:40. Kesho kuripoti 05:30. Nimeuliza ovataimu, meneja wa uzalishaji kasema "tutaongea".*

Usome kwa utulivu. Kutoka kuripoti hadi kupakia ni saa 16 na dakika 10. Chakula kimekuja saa 7 na dakika 40 baada ya kuanza, kikadumu dakika 25. Mapumziko hadi kesho ni saa 7 na dakika 50, na humo ndani kuna safari ya kwenda, safari ya kurudi, kuoga na kulala. Mistari kumi ya namna hiyo kutoka kwa watu watano tofauti, saa zikiwa zinalingana, haipingiki kirahisi.

Sasa geuza saa ziwe pesa, maana prodyuza amezoea kusikia "tumechoka" na maneno hayo hayamuumi tena. Tuseme unalipwa 120 kwa siku, kwa pesa yoyote ile, na siku mliyokubaliana ni ya saa 12. Saa moja yako ni 10. Ukifanya saa 16 kwa 120 ileile, saa yako imeshuka hadi 7.5, umekatwa robo ya mshahara bila barua. Kama saa za ziada zingelipwa moja na nusu, zile 4 zingekuwa 60, na siku ingefika 180. Kwa kru ya watu 25 hiyo 60 inakuwa 1,500 kwa siku. Kwa siku 20 za shutingi inakuwa 30,000, sawa na siku 250 za kazi ambazo watu wamezifanya na hakuna aliyelipwa. Namba hiyo ya mwisho ndiyo ya kwenda nayo mezani. Nimewahi kumwona meneja wa uzalishaji akichukua kikokotoo chake mwenyewe, akarudia hesabu mara mbili, kisha akaomba radhi atoke nje akapige simu.

Mapumziko yahesabiwe kwa uzito uleule wa pesa. Mwaka 1997 huko Marekani, msaidizi wa kamera alikufa kwa ajali akiendesha gari kurudi nyumbani baada ya siku ya kazi ya saa 19. Mafundi wenzake wakaanza kampeni ya kudai kikomo cha saa, na iliwachukua miaka mingi: mwaka 2021 chama cha mafundi cha IATSE kilipiga kura ya kuidhinisha mgomo kwa zaidi ya asilimia 98, na mgomo ukasitishwa siku chache kabla ya kuanza baada ya kupatikana makubaliano yaliyoweka, pamoja na mengine, mapumziko ya saa 10 kati ya siku na siku na saa 54 mwisho wa wiki. Hawakugoma hata siku moja. Walikuwa tayari kugoma, na waajiri walijua wako tayari.

Zaidi ya daftari, piga picha kila ratiba ya siku kabla haijabadilishwa. Ujumbe wa simu usifute. Ukiahidiwa kitu kwa mdomo, mwandikie aliyekuahidi usiku uleule: "Bosi, nathibitisha tulivyoongea leo, kwamba saa za ziada za Jumanne zitalipwa Ijumaa." Asipojibu, ujumbe umebaki. Akikanusha, angalau umejua mapema.

Karatasi ya kusaini juu ya boneti

Mikataba ya kru huletwa asubuhi ya siku ya kwanza, umeshika nyaya mkono mmoja, na karatasi inawekwa juu ya boneti la gari. "Saini tu hapa, ni ya kawaida." Omba mkataba siku moja kabla. Wakikataa kuutuma, hiyo tayari ni taarifa.

Tafuta kwanza siku ina saa ngapi. Mkataba unaosema "kwa siku" bila kutaja saa maana yake siku haina mwisho. Kisha tafuta tarehe ya malipo. "Baada ya mradi kukamilika" si tarehe. Mradi unaweza kukaa kwenye uhariri miaka, ukabadilishiwa muziki, ukafa. Dai kila wiki, au idadi ya siku baada ya siku yako ya mwisho ya kazi, iandikwe kwa tarakimu.

Ukiahidiwa asilimia ya faida badala ya malipo, uliza ni asilimia ya nini. Mapato ghafi ni pesa inayoingia. Faida halisi ni kinachobaki baada ya kila mtu aliye juu yako kujitoa gharama zake, na filamu inaweza kujaza ukumbi kwa wiki nyingi huku kwenye makaratasi ikiwa bado ina deni. Mimi asilimia ya faida halisi naihesabu kuwa zawadi: ikija nitashukuru, lakini siwezi kulipia kodi ya nyumba kwa zawadi.

Kwa waandishi na waigizaji kuna jambo kubwa zaidi, nalo ni kinachotokea kazi ikirudiwa kuonyeshwa. Mwaka 1960 waandishi na waigizaji wa Hollywood waligoma kwa wakati mmoja, na rais wa chama cha waigizaji alikuwa Ronald Reagan, yuleyule aliyekuja kuwa rais wa nchi. Waigizaji walipata malipo ya marudio kwa filamu za kuanzia mwaka huo zikionyeshwa kwenye televisheni. Za nyuma wakaziachia, wakapewa badala yake fedha za kuanzisha mfuko wa pensheni na afya. Wengine walikufa na uchungu wa biashara hiyo. Filamu zao za zamani ziliendelea kuonyeshwa kila wiki na wao hawakupata kitu. Kwa hiyo ukiona mstari unaosema unatoa haki zote, milele, kwenye vyombo vyote vilivyopo na vitakavyobuniwa, ujue ni mstari wa bei. Unaweza kuuza haki hizo. Usiziuze kwa bei ya siku moja ya kazi.

Intaneti ilipochukua nafasi ya televisheni, ugomvi uleule ulirudi. Katika mkataba ambao waandishi wa Hollywood waliupata baada ya mgomo wao wa 2023, ilikubaliwa kwamba mfululizo uliotengenezwa kwa ajili ya intaneti ukitazamwa na asilimia 20 au zaidi ya wateja wa kampuni walio ndani ya nchi katika siku 90 za mwanzo, mwandishi apate bonasi ya asilimia 50 juu ya malipo yake ya marudio. Kinachonivutia hapo ni kwamba ili bonasi ihesabike, ilibidi kampuni zikubali kukipa chama takwimu za watazamaji ambazo zilikuwa zikifungiwa kabatini. Ukidai asilimia ya kitu, dai pia haki ya kukagua vitabu.

Jipya zaidi ni sura na sauti yako kutengenezwa na kompyuta. Waigizaji wa Hollywood, ambao nao waligoma 2023, walipata sharti la idhini na malipo pale nakala ya kidijitali ya mtu inapotumika. Waandishi walipata kwamba akili bandia haihesabiwi kuwa mwandishi, na kampuni ikimpa mwandishi maandishi yaliyotoka kwenye mashine lazima imwambie. Hata kama huna chama chenye nguvu hiyo, sharti la idhini unaweza kuliandika kwa mkono pembeni ya mkataba: sauti na sura yangu zisitumike nje ya filamu hii bila kibali changu cha maandishi na malipo mapya. Weka saini zenu wote wawili pembeni ya mstari huo.

Hesabu watu mmoja mmoja

Mkutano wa kru hudanganya. Watu thelathini wakipiga makofi unaona una watu thelathini, kumbe kumi wamepiga makofi kwa sababu jirani amepiga. Zungumza na kila mtu peke yake, bila haraka, kwenye foleni ya chai au nyuma ya lori la vifaa, na mwulize mambo mawili tu: ni kitu gani kinakuumiza zaidi, na ungeweza kukaa bila malipo kwa muda gani? Andika majibu. Huyu wiki moja, yule siku tatu, mwingine mwezi. Ukimaliza utajua mgomo wenu unaweza kudumu muda gani, na utalijua hilo kabla ya mwajiri.

Usiwaruke madereva, wapishi, walinzi, wapambaji na waigizaji wa ziada. Kru nyingi hujiona ni watu wa kamera, taa na sauti, halafu zinashangaa mgomo unapovunjwa na gari lililoleta watu wengine. Mwaka 2023 waandishi wa Marekani walikuwa wakiweka mabango langoni alfajiri kabla ya malori kufika, kwa kuwa madereva wa chama cha Teamsters walikuwa wanakataa kuvuka mstari wa wagomaji. Watu wachache wenye mabango wakaweza kusimamisha shutingi nzima. Nguvu ilikuwa kwa dereva.

Na walio juu kidogo wanahitajika zaidi ya wote. Art Babbitt alikuwa miongoni mwa wachoraji waliolipwa vizuri kwenye studio ya Walt Disney, huku wasaidizi na wanawake waliopaka rangi michoro wakilipwa kidogo sana. Alijiunga na chama akawasimamia. Alipofukuzwa Mei 1941, mamia ya wenzake waligoma mwezi huohuo, na studio mwishowe ilikubali kufanya kazi na chama. Kama mpigapicha mkuu yuko upande wenu, nusu ya kazi imekwisha. Kama hayuko, angalau apate kuahidi kwamba hatafundisha mtu mwingine kazi zenu siku hiyo.

Kipimo changu: chini ya robo tatu ya majina yaliyosema ndiyo peke yao, bila kushawishiwa mbele za watu, msigome. Endeleeni kuzungumza. Vyama vikubwa vina kipimo kikali zaidi ya changu. Waandishi na waigizaji wa 2023 waliidhinisha migomo yao kwa karibu asilimia 98 kila upande.

Sheria, kwa ufupi

Uhuru wa kuunda chama na haki ya kujadiliana kwa pamoja vimo katika mikataba ya Shirika la Kazi Duniani, namba 87 wa mwaka 1948 na namba 98 wa mwaka 1949. Utaratibu wa mgomo wenyewe ni wa kila nchi: pengine kura ya siri, pengine notisi ya siku kadhaa, pengine lazima mpite kwa msuluhishi kwanza. Ukiruka hatua, mgomo halali unageuka utoro na watu wanafukuzwa kihalali. Haya usiyatafute kwenye kundi la WhatsApp. Nenda ofisi ya kazi au chama cha wafanyakazi, uliza, andika jina la aliyekujibu.

Wengi wetu mkataba unatuita watoa huduma, si waajiriwa, na sehemu nyingi mtoa huduma hana kinga ya mgomo. Hapo silaha iliyo salama zaidi ni kutosaini. Mtu asiyesaini mkataba mpya hajavunja mkataba wowote. Kru nzima ikikubaliana kabla ya mradi kuanza kwamba hakuna anayesaini siku isiyo na kikomo cha saa, hakuna kesi ya kuvunja mkataba, hakuna mabango, na prodyuza ana wiki mbili za kufikiri.

Mfuko

Julai 2023, waandishi wa Hollywood wakiwa kwenye mgomo, gazeti la mtandaoni la Deadline lilimnukuu mkubwa mmoja wa studio, bila kumtaja jina, akisema nia ni kuacha mambo yajikokote mpaka wanachama waanze kupoteza nyumba zao. Umoja wa waajiri, AMPTP, ulijitenga na maneno hayo. Mimi nayashukuru, kwa sababu yanasema wazi kile mwajiri anachokihesabu: akiba yenu. Waandishi walikaa nje siku 148, kuanzia Mei 2, na waigizaji siku 118, kuanzia Julai 14. Hakuna kru ya kawaida inayoweza hivyo.

Angalia hesabu. Kru ile ya watu 25 wanaolipwa 120 kila mmoja ikichanga asilimia 2 kila siku, inapata 60. Kwa siku 20 ni 1,200. Mshahara wa siku moja wa kru nzima ni 3,000. Mfuko wote haufikii hata nusu siku. Kwa hiyo mfuko si wa kulipana mishahara. Ni wa kodi ya yule aliyekuambia ana siku tatu tu, dawa za mtoto wa mwenzake, na nauli. Wawekeni watu wawili wa kutia saini, hesabu zisomwe mbele ya wote kila wiki, na mweka hazina asiwe msemaji. Kama mmeanza kuchanga leo, pangeni mgomo wa saa au wa siku, si wa wiki.

Mchague siku yenu

Mgomo mfupi hutegemea siku. Soma ratiba yote ya shutingi utafute siku isiyohamishika: kibali cha barabara kinachoisha jioni, mwigizaji mkuu anayeondoka kesho kwenda kazi nyingine, kamera ya kukodi inayorudishwa, watu mia wa umati walioitwa mara moja. Siku ya kurekodi mikono ikifungua barua haina thamani kwa mgomaji. Lakini siku nzuri peke yake haitoshi. Ufaransa mwaka 2003, wafanyakazi wa sanaa na filamu wa vipindi vifupi waligoma dhidi ya mabadiliko ya bima yao ya ukosefu wa kazi, na tamasha la Avignon likafutwa kabisa. Mabadiliko yakaanza kutumika mwaka uliofuata vilevile. Tamasha ndilo lililoumia, wakati waliokuwa na kalamu ya kuyafuta mabadiliko walikuwa mezani kwingine. Hakikisha anayepoteza pesa siku hiyo ndiye mwenye uwezo wa kukubali madai yenu.

Madai yaandikwe ukurasa mmoja, matatu tu, la kwanza likiwa lile ambalo hamtarudi kazini bila kulipata. Pelekeni kwa prodyuza na kwa meneja wa uzalishaji siku kadhaa mapema, mkiweka tarehe ya jibu. Akisema sanaa itakufa kwa sababu ya saa za kazi, mkumbushe kwamba Parasite ya Korea Kusini ilitengenezwa kru ikiwa na mikataba ya kawaida ya kazi, na mwaka 2020 ikachukua tuzo ya Oscar ya filamu bora.

Asubuhi yenyewe, fikeni kwa wakati kama siku zote, msimame nje ya lango, msiingie. Taa zilizo juu ya vichwa vya watu zikazwe sawasawa jioni ya kuamkia siku hiyo, kabla hamjaondoka. Msiache kazi katikati ya tukio la hatari, lenye moto, gari au mtu juu ya kamba. Na kuna kishawishi kimoja lazima nikiseme: kadi za memori na diski zenye picha zilizorekodiwa. Daima kuna mtu atakayenong'ona, "Tukae nazo mpaka watulipe." Hapana. Zikabidhini kwa maandishi, mtu apokee na kusaini, piga picha ya saini. Mkizichukua, tangu dakika hiyo mazungumzo hayahusu tena mishahara, yanahusu polisi.

Lete maji, kivuli na zamu za kupumzika. Kivuli kina siasa yake: Julai 2023, miti nje ya studio za Universal huko Los Angeles, iliyokuwa inawakinga wagomaji na jua, ilipogolewa matawi katikati ya joto kali, na ofisi ya mkaguzi wa hesabu za jiji ikaanza kuchunguza kwa sababu hakukuwa na kibali. Kampuni ilisema ni utunzaji wa kila mwaka.

Mwajiri mdogo akikubali masharti yenu yote, mwacheni afanye kazi. Chama cha waigizaji, SAG-AFTRA, kilifanya hivyo katikati ya mgomo wake wa 2023: watayarishaji huru wasiokuwa chini ya AMPTP, kampuni ya filamu ya A24 ikiwemo, walipewa mikataba ya muda mradi wakubali masharti ya chama. Baadhi ya wanachama walinung'unika, na malalamiko yao yalikuwa na maana. Bado naona ulikuwa uamuzi mzuri, kwa sababu kila saini ilikuwa ushahidi kwamba masharti yanalipika.

Mezani

Nendeni watatu, si mmoja, na mmoja kazi yake iwe kuandika tu. Mtaitwa mmoja mmoja pembeni: "Wewe ni mtu mzima, dada yangu, wewe unaelewa, hawa vijana wanakuponza." Jibu ni lilelile kila mara, kwa adabu: tunaongea pamoja. Mkipewa ofa, msiikubali hapohapo hata kama ni tamu. Ombeni nusu saa, mtoke, mrudi kwa wenzenu wapige kura.

Na msitarajie kupata yote. Waandishi wa 2023 walikadiria madai yao kuwa ya thamani ya dola milioni 429 kwa mwaka. Ofa ya waajiri kabla ya mgomo waliikadiria kuwa milioni 86. Walipomaliza, chama kilisema mkataba una thamani ya milioni 233. Kidogo zaidi ya nusu ya walichodai, na karibu mara tatu ya walichopewa mwanzo. Asilimia 99 ya waliopiga kura waliukubali. Mafundi wa IATSE mwaka 2021 waligawanyika karibu nusu kwa nusu juu ya makubaliano yao, na yakapita kwa kura za wajumbe wa matawi, si kwa hesabu ya kura za watu; watu wakanuna miaka. Kura ya karibu namna hiyo huonyesha kwamba mazungumzo ya mmoja mmoja yalikoma mapema, viongozi wakawa mezani na wanachama wakawa wanasoma habari kwenye simu.

Makubaliano yawe na kiasi, tarehe ya kulipwa, kitakachotokea tarehe hiyo ikipita, na mstari wa kwamba hakuna atakayeadhibiwa kwa kugoma. Huo mstari wa mwisho husahaulika kwa furaha ya ushindi. Bila huo, prodyuza hafukuzi mtu. Hamwiti tu kwenye mradi ujao.

Siku ya malipo ikifika, kaeni pamoja mlinganishe kila hati ya malipo na saa zilizoandikwa, kuanzia wanaolipwa kidogo kabisa, kwa kuwa makosa ya mhasibu huanguka huko. Halafu mradi mwingine wa prodyuza huyo ukitangazwa, pateni orodha ya kru na mtafute majina ya waliosimama langoni. Kama yanakosekana yote kwa pamoja, msemaji aandike barua fupi kwa meneja wa uzalishaji, akiambatanisha ule mstari wa makubaliano, aulize sababu na aweke tarehe ya jibu, na nakala iende ofisi ya kazi siku hiyohiyo.